Inchi Tatu

"Mchopa, liache shuka hilo. Mfuniko utashuka."
Ndivyo ninavyokusabahi msimu mzima.

Trela tulilipata mnadani Mtwara mjini
watu wa gesi walipofunga virago:
viti vya plastiki, majokofu, na sanduku hili la bati
ambalo hakuna aliyejua ni la nini
mpaka ulipozungusha winchi,
turubai likainuka kama mtu anayetoka majini
na vitanda viwili vikachomoza, kushoto na kulia,
kama masikio.
Watoto wakapiga makofi. Wewe ukapiga mahesabu.

Tangu hapo kipupwe kikiingia tunazunguka nalo,
Nanguruwe, Mahuta, Kitangari,
tunapuliza salfa mikorosho ya watu, vumbi la njano kwenye kope,
na kila alfajiri ugomvi ni uleule:
wewe unataka godoro litoke, blanketi likunjwe,
kila kitu kirudi kwenye kiroba kama mali ya jeshi;
mimi nataka tukifunge kitanda kikiwa kitanda.

Sikia ninavyofanya, maana hujawahi kutazama.
Mito naishusha sakafuni, pembeni ya jiko.
Blanketi nalikunja mara moja tu, kuelekea miguuni.
Shuka nalivuta kwa viganja
mpaka lisibaki na kunyanzi hata moja,
nachomeka pembe, nafagia mchanga kwa ubavu wa mkono.
Kisha naita: "Zungusha!"
Nawe unazungusha huku unanung'unika,
na bati linashuka polepole juu ya kazi yangu.
Sina pasi ya umeme wala ya mkaa.
Mfuniko ndio pasi yangu.

Njiani huwa nakifikiria:
kitanda kilichotandikwa, gizani, hakina mtu,
kinapanda miinuko ya Newala nyuma ya pikapu,
kinaruka kwenye mashimo,
kimeshajiandaa kutupokea mahali ambapo hatujafika.

Nakubali la Kitangari.
Tulifunga asubuhi ya ukungu, turubai likitona.
Siku tatu hatukulifungua kwa sababu ya msiba wa shemeji,
na tulipolifungua, shuka la maua lilikuwa na madoa meusi
na harufu ya kisima kilichoachwa.
Hukusema kitu. Ungesema, ningejibu.
Ulilitundika kwenye mkorosho likakauka.
Madoa hayajatoka mpaka leo.
Ndiyo maana siku hizi kukiwa na umande nasubiri jua,
hata mwenye shamba akipiga simu mara nne.

Lakini na wewe kubali la Mahuta.
Saa sita usiku, Asumini anatetemeka kwa homa,
zahanati imetupa dawa, imesema mtoto akalale.
Akalale wapi?
Winchi mizunguko kumi na minane, nilihesabu,
na mtoto akawa ndani ya shuka
kabla hujazima taa za pikapu.
Usiku ule nani alitafuta kiroba?

Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Hiki tumekilalia. Kunguni wake ni unene wa godoro:
inchi tano, na makomeo ya mfuniko yanataka tatu.
Kwa hiyo kila alfajiri unapanda juu ya bati na kukaa,
mwanaume mzima na kilo zako themanini,
ndipo komeo linaitika.

Juzi ulikwenda Newala mjini kufuata salfa.
Ulirudi na mifuko minane
na kitu kilichoviringishwa, kimefungwa kwa kamba ya katani.
Godoro. Jembamba kama chapati ya jana.
Nikauliza, kulikoni?
Ukasema, huku unakagua tairi lisilo na tatizo,
"Lilikuwa rahisi."

Leo asubuhi nimetandika, nimechomeka pembe,
nimeita.
Mfuniko umeshuka wenyewe mpaka mwisho,
makomeo yakalia ta, ta,
nawe ukabaki umesimama pale chini
mguu mmoja tayari kwenye bampa,
huna pa kupanda.